Picha na Mkono wa Fundi

Natumai shughuli za mchana zimekwisha kuwaachia, na kwamba kahawa imekwisha kumiminwa, kwa kuwa mazungumzo yetu ya leo hayataki haraka. Nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo hapo kale ilikuwa siri ya mafundi wachache waliojifungia katika vyumba vya giza, na ambayo leo imeingia katika kila simu ya mkononi; nayo ni kazi ya kutengeneza picha, yaani kuzisafisha, kuzirekebisha, kuzipamba, na wakati mwingine kuzigeuza kabisa, kwa programu za kompyuta.

Mtu akionyeshwa picha nzuri siku hizi, aghalabu neno la kwanza kumtoka ni hili: "Hiyo imeeditiwa!" Naye hulisema kwa sauti ya mtu aliyemshika mwizi. Je, ni haki kusema hivyo? Je, kila picha iliyotiwa mkono ni picha ya uongo? Hilo ndilo swali nililowaletea, na jawabu langu, ili mjue mapema ninakokwenda, ni kwamba mambo hutegemea mtazamaji ameahidiwa nini. Kuna picha ya ukumbusho, kuna picha ya pambo, na kuna picha ya ushahidi. Na linaloruhusiwa katika moja huweza kuwa hadaa tupu katika nyingine. Tutazipitia zote tatu, moja baada ya moja. Lakini kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe, ilikotoka na namna inavyofanywa.

Wako wanaodhani kwamba ghiliba ya picha ilizaliwa pamoja na kompyuta. La, hasha. Mwaka 1857, huko Uingereza, msanii mmoja mzaliwa wa Sweden, jina lake Oscar Rejlander, alitengeneza picha moja kubwa kwa kuunganisha negativu zaidi ya 30, akaziunga kwa ustadi hata mtazamaji akadhani kwamba umati wote ule ulisimama mbele ya kamera kwa wakati mmoja. Na Malkia Victoria mwenyewe akainunua nakala yake. Hapa kwetu pwani nako sanaa hii haikuwa ngeni, kwani wazee wa Lamu wanamkumbuka Omar Said Bakor, mpiga picha aliyependa kuunganisha picha mbili na tatu zikawa moja. Na hao wenye kukumbuka studio za zamani, kama Capital Art iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza, au ya Parekh kule Mombasa, wanajua kwamba mtu hakwenda studio ili aonekane vile alivyoamka asubuhi. Alikwenda amevaa, amejitia manukato ambayo picha haiwezi kuyaonyesha, naye alitaraji kurudishiwa sura ya heshima.

Na sura hiyo ilitengenezwaje? Katika zama za filamu, fundi aliiweka negativu juu ya kioo kilichomulikwa kwa chini, akachukua penseli iliyochongwa hata ncha yake ikawa ya kuchoma, akatia vialama vidogo vidogo mahali penye kunyanzi au kovu. Mkumbuke kwamba katika negativu mambo yamepinduka: palipo na kivuli usoni, filamu huwa wazi na mwanga hupita, basi risasi ya penseli ilipouzuia mwanga, mahali hapo pakatoka peupe zaidi juu ya karatasi, na kunyanzi likafifia. Alipotaka kutia weusi, alikwangua kwa kisu. Kazi hii ilitaka mkono usiotetemeka na subira isiyokwisha, maana kisu kikipita mno hapana dawa.

Hapo ndipo kompyuta ilipokuja ikabadili mambo, ingawa haikubadili nia. Mwaka 1987 kijana mmoja wa Marekani, Thomas Knoll, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika programu ndogo ya kuwezesha skrini yake, iliyojua nyeusi na nyeupe tu, kuonyesha pia rangi za kijivujivu zilizo kati ya hizo mbili. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza vioja vya sinema, akaiona, akamhimiza aiongeze nguvu. Na mwezi wa Februari 1990 kampuni ya Adobe ikaitoa kwa jina la Photoshop, jina ambalo leo limekuwa kitenzi vinywani mwa watu, hata kwa wasiopata kuiona programu yenyewe. Miaka michache baadaye wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakatunga nyingine iitwayo GIMP, ambayo mtu yeyote huweza kuichukua bure, na hiyo imekuwa rehema kubwa kwa vijana wenye ufundi wasio na fedha.

Sasa nisikilizeni kidogo, maana hapa ndipo penye ufunguo. Picha ya kompyuta ni kitu gani? Ni hesabu tupu. Imegawanywa vijipande vidogo mno viitwavyo pikseli, na kila pikseli ina namba tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, kila moja ikianzia 0 na kukomea 255. Namba zote zikiwa 0, hiyo ni nyeusi. Zote zikiwa 255, hiyo ni nyeupe. Basi fundi anapoondoa doa la mchuzi katika kanzu, hafuti kitu. Anaiamuru mashine ichukue namba za kitambaa safi kilicho jirani na doa, izikopi juu yake. Kumbukeni neno hilo, kwamba mashine hukopi kutoka mahali, kwa kuwa tutalihitaji baadaye.

Tena, tangu mwaka 1994 Photoshop imekuwa na tabaka, nazo ni mfano wa vioo vilivyopangwa juu ya picha: fundi huchora juu ya kioo, na picha ya asili hubaki chini salama. Asipopendezwa, hukiondoa kioo. Kile kisu cha zamani kilikuwa hakirudi nyuma. Hiki cha leo hurudi, na kwa sababu hiyo fundi wa leo hana udhuru wa kuiharibu asili ya picha ya mtu.

Haya, tuingie katika fungu la kwanza: picha ya ukumbusho.

Rafiki yangu mmoja ana duka la picha Mombasa. Alijiwa na bi mkubwa mmoja aliyeleta picha ya kaka yake marehemu, ndogo, ya nyeusi na nyeupe, iliyokunjwa miaka mingi ndani ya msahafu, na mkunjo ule ulipita juu ya jicho la kulia, ukalila lote. Rafiki yangu akaiweka katika skana, akainakili kwa nukta 1200 kwa kila inchi kwa ajili ya udogo wake, akaanza kazi. Madoa ya ukungu yakatoka, ukingo uliopasuka ukaungwa, na kofia ikarudi kuwa na darizi zake. Likabaki jicho. Nalo jicho, wasikilizaji, mashine italitoa wapi? Haina jirani wa kukopi. Akafanya wanavyofanya mafundi wengi: akalichukua jicho la kushoto, akaligeuza upande, akalibandika kulia. Likakaa vizuri ajabu, hata mshono usionekane.

Bi mkubwa aliporudi akaitazama picha kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki kwa kazi yako. Huyu ni kijana mzuri, lakini simjui."

"Kwa nini bibi? Nimekosea wapi?"

"Kaka yangu jicho lake moja lilikuwa na ukope mzito, umelala kidogo. Tukimtania kwa hilo tangu utotoni. Wewe umempa macho mawili sawasawa."

Rafiki yangu alifanya nini? Akaiondoa ile tabaka ya jicho, akauacha mkunjo mahali pake, akaupunguza ukali wake tu ili usiwe mstari mweupe wenye kuchoma macho. Na bi mkubwa akaipokea picha ile yenye kasoro, akailipia, akaenda nayo. Mwaona basi? Kusafisha doa hakukumwibia kitu, kwa sababu doa halikuwa lake marehemu. Jicho lilikuwa lake. Katika picha ya ukumbusho kanuni ni hiyo: ondoa kilichotiwa na wakati, na usitie ambacho mwenyewe hakuwa nacho. Nasisitiza jambo hili hasa sasa, kwa kuwa zimetoka programu ambazo hazikopi kwa jirani tu, bali hujaza uso kwa kubuni kutokana na nyuso nyingi zilizotumiwa kuzifundisha. Zitakupa jicho kwa nukta ya sekunde, jicho zuri, lenye mng'ao, la mtu asiyekuwako.

Fungu la pili, wasikilizaji wangu, ni picha ya pambo. Hapa nazungumzia picha za harusi, za matangazo, za majalada ya magazeti, na zile za kuweka katika simu ili marafiki wazione. Hapa mtazamaji anajua kwamba amealikwa kutazama uzuri, na mafundi wenye busara wana kanuni nyepesi: kinachopita huondolewa, kinachodumu huulizwa. Chunusi iliyotoka jana na itakayokwisha wiki ijayo haina haki ya kudumu ukutani miaka 50; iondolewe. Lakini baka la kuzaliwa, mwanya, kovu, chale, hayo ni ya mwenye uso, wala fundi hana ruhusa ya kuyagusa ila kwa ridhaa yake.

Na lipo jambo moja ambalo sitaki kulipita haraka, nalo ni weupe. Je, mmepata kwenda studio mkarudishiwa picha ambayo uso umekuwa mweupe kuliko mikono? Filamu za rangi za Kodak, kwa miaka mingi, zilipimwa rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli kisicho na umbo. Hiyo ilikuwa kasoro ya kemikali na ya wenye kuipima. Lakini leo fundi ana namba mikononi mwake, naye aweza kuitendea haki kila ngozi. Kwa nini basi aushike mwanga wa uso mzima na kuupandisha mpaka mwamba wa pua upotee na mashavu yawe bapa? Uso mweusi uzuri wake uko katika ule mng'ao wa juu ya paji na shavu ukilinganishwa na kina cha kivuli chake. Fundi hodari hukiacha kina hicho kama kilivyo, akainua kidogo tu rangi za katikati, na uso hujitokeza wenyewe, mweusi na wenye nuru. Fundi mvivu hufanya weupe, akauita usafi.

Wala si mafundi wa vichochoroni tu. Mwezi wa Novemba 2017, gazeti la mitindo la Grazia la Uingereza lilitoa jalada lenye picha ya Lupita Nyong'o, binti wa Kikenya anayejulikana ulimwenguni kwa uigizaji wake, na katika picha ile nywele zake za asili zilizofungwa nyuma zilikuwa zimefutwa, na zilizobaki zimelainishwa. Mwenyewe akatoka hadharani akalalamika, na mpiga picha akaomba radhi, na gazeti nalo likaomba radhi. Tazameni vizuri: hakuna aliyekataza jalada lipambwe. Lupita alikuwa amepakwa vipodozi, amevishwa, amemulikwa taa. Lakini nywele zile hazikuwa doa, wala hazikuwa chunusi ya kupita. Zilikuwa zake, na hakuulizwa. Na kwa kuwa wanaotazama majalada hayo ni wasichana wanaojipima nayo, Ufaransa tangu Oktoba 2017 imelazimisha kila picha ya tangazo ambamo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta iandikwe wazi kwamba imetengenezwa. Pambo si kosa, ila lijulikane kuwa ni pambo, na mwenye mwili awe ameridhia.

Sasa tulifikie fungu la tatu, na hili ndilo zito: picha ya ushahidi.

Picha ya ushahidi ni ile ambayo mtazamaji anaitegemea ajue jambo ambalo hakulishuhudia. Ya gazeti la habari ni ushahidi. Mwezi wa Februari 1982, miaka minane kabla Photoshop haijauzwa, gazeti la National Geographic lilitumia mashine ya kompyuta kusogeza piramidi mbili za Giza, Misri, zikaribiane, ili picha iliyopigwa kwa mapana ienee katika jalada la wima. Hakuna aliyedhurika, mtasema. Ni kweli, lakini lilizuka swali zito: ikiwa mmesogeza mapiramidi, mmesogeza nini kingine? Mwezi wa Juni 1994, O.J. Simpson alipokamatwa Marekani kwa shutuma za mauaji, magazeti mawili yalichapa picha ile ile moja ya polisi. Newsweek likaiacha ilivyo, na Time likaitia giza, uso ukawa mweusi zaidi na wa kutisha zaidi. Yalipowekwa bega kwa bega mezani kwa muuza magazeti, kila mpita njia aliiona tofauti, na mtuhumiwa akawa amekwisha kuhukumiwa kwa kivuli kabla ya mahakama kukaa.

Na mwezi wa Agosti 2006, wakati wa vita vya Lebanon, shirika la habari la Reuters lilitoa picha ya moshi juu ya mji wa Beirut. Mnakumbuka niliwaambia mashine hukopi kutoka mahali? Basi watazamaji wenye macho makali wakaona kwamba mafundo ya moshi yanajirudia, fundo hili ni lile, na lile ni hili, kwa kuwa moshi ulikuwa umekopiwa juu ya moshi uwe mwingi zaidi. Mpiga picha alipoulizwa alidai kwamba alikuwa akiondoa vumbi. Shirika halikuridhika, likaachana naye, likaziondoa picha zake zote katika hazina yake. Ule moshi wa kweli ulikuwako, mji ulipigwa mabomu kweli. Lakini kwa kuongezewa moshi, hata ule wa kweli ukatiwa shaka. Ndiyo maana mashirika makubwa ya habari humruhusu mpiga picha kukata kingo na kusawazisha mwanga kwa kiasi, na humkataza katakata kuongeza kitu kisichokuwako au kuondoa kilichokuwako.

Mtaniambia, "Bwana mtangazaji, sisi hatuna magazeti." Naam, lakini picha za ushahidi mnazo. Anayeuza gari akaifuta kutu katika picha. Anayepangisha nyumba akauziba ufa wa ukuta kwa kompyuta. Mfanyabiashara wa mitandaoni anayeizidisha rangi ya kitenge hata mteja akipokea mzigo asiutambue. Wote hao wametia mkono katika ushahidi, kwa kuwa kuna mtu atatoa fedha zake kwa kuamini alichokiona. Hata picha ya pasipoti ni ushahidi, na fundi anayemlainisha mteja wake uso kwa wema humtia mashakani mbele ya afisa. Marekani, mathalani, hukataa picha ya viza iliyobadilishwa kwa kompyuta. Ile ile kazi ya dakika mbili ambayo katika picha ya harusi ni ihsani, hapa ni hadaa.

Narudia basi, ili atakayezima redio sasa aondoke nayo. Ukumbusho: ondoa kilichotiwa na wakati, usibuni cha mtu. Pambo: lijulikane kuwa ni pambo, na mwenye uso aridhie. Ushahidi: usiongeze, usiondoe. Na ukiwa na shaka picha yako iko fungu gani, jiulize swali moja: mtazamaji akiambiwa yote niliyoyafanya, atabadili uamuzi wake? Akiwa hatabadili, fanya kazi yako kwa amani. Akiwa atabadili, mwambie, au uache.

Kabla sijawaaga, nina wasia mdogo wa kazi. Ukienda kwa fundi, mwambie mwanzoni unachotaka na usichotaka, usingoje mpaka picha iko katika fremu. Tunza asili, fanya kazi juu ya nakala. Na usiirushe asili kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwani huko hubanwa na kupunguzwa, bali itume kama dokumenti ifike nzima. Na mwenye picha kuukuu ndani ya kasha asingoje masika. Unyevu wa pwani huzaa ukungu, na ukungu hula karatasi, hata penye nyuso. Ipeleke ikanakiliwe mwezi huu, ingawa hutaki kuirekebisha sasa. Doa litasubiri fundi apatikane, lakini uso ukishaliwa hapana programu itakayourudisha. Itakayokupa ni uso mwingine.